Hesabu ya sokoni na ya ubaoni ni moja

Nenda soko la Kinama asubuhi ununue mchele kwa mtoto anayemsaidia mama yake. Tuseme kilo ni faranga 3,500, nawe unataka kilo 12. Hatatafuta kalamu. "Kumi ni elfu thelathini na tano, mbili ni elfu saba. Nipe elfu arobaini na mbili." Mtoto huyo huyo mpe 3,500 mara 12 ubaoni, kwa Kifaransa, na huenda akatoka na 10,500.

Utaambiwa ana kichwa kizito. Mimi sikubali. Hiyo 10,500 haikutoka hewani. Alizidisha kwa 2 akapata 7,000, akazidisha kwa 1 akapata 3,500, kisha akajumlisha bila kuusogeza mstari wa pili nafasi moja kushoto. Mstari ule husogezwa kwa sababu ile 1 ni kumi, yaani zile kilo kumi alizozihesabu sokoni bila kukosea. Hatua ni zilezile mbili. Yeye aliambiwa "sogeza", basi. Hakuna aliyemwonyesha kwa nini.

Jambo hili si la Kinama peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto wachuuzi wa Recife, nchini Brazil. Katika biashara zao walipatia hesabu 98 kwa mia. Walipopewa hesabu za namna hiyo zikiwa tupu, bila nazi wala mteja, walipatia 37 kwa mia. Walikuwa watoto watano tu, lakini wafanyabiashara wa Uvira mnaobadili fedha za nchi tatu kabla ya saa nne hamtashangaa.

Kwa waliorudi mzigo ni mara mbili. Watoto wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walisoma kwa Kiswahili. Waliorejea mwaka 2008 na 2009 walikuta ubao wa Kifaransa. Ni rahisi mno kumshusha darasa mtoto wa namna hiyo kwa sababu ya lugha, kisha ukamwita mjinga wa hesabu.

Watasema mtihani ni wa Kifaransa. Kweli. Basi mwalimu aanze kwa kuuliza, kwa Kirundi au Kiswahili, "Umefikaje hapo?" Kifaransa kifuate. Nanyi wazazi, jioni mnapofunga mauzo, mwambieni mtoto aandike ile 42,000 jinsi alivyoipata, na pembeni yake jinsi mwalimu anavyotaka.