Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Ocean Road Ibaki Mali ya Umma

Mheshimiwa Waziri,

Kila fedha za afya zinapopungua, ubia na sekta binafsi hurudi mezani. Sheria yake ipo tangu 2010. Barua hii haidai kwamba kuna mkataba ulioandikwa kuhusu Taasisi ya Saratani Ocean Road. Inawahi tu, maana mikataba ya aina hii wananchi huisikia wino ukishakauka.

Jengo la kwanza la Ocean Road lilikamilika 1897, enzi za Wajerumani, na taasisi yenyewe ikaundwa kisheria 1996. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowafikisha hapo wanawake wengi zaidi, mara nyingi ugonjwa ukiwa umekomaa. Mionzi hutolewa karibu kila siku kwa majuma kadhaa. Mama aliyetoka Kigoma hawezi kwenda na kurudi: anahitaji nauli, pa kulala, chakula na mtu wa kumuuguza, hata kabla ya kuulizwa bei ya tiba. Mwekezaji atamtaka nani, huyu au mwenye bima nono anayeishi Masaki? (Kiwanja chenyewe, ufukweni jirani na Ikulu, nacho hakikosi wachumba.)

Ujerumani walikwishajaribu. Mwaka 2006 jimbo la Hesse liliiuzia kampuni ya Rhön-Klinikum hospitali za vyuo vikuu vya Gießen na Marburg kwa euro milioni 112. Kampuni iliahidi kituo cha kisasa cha kutibu saratani kwa chembe za ioni pale Marburg. Kituo kikajengwa, ilipofika 2011 kampuni ikasema hakitalipa. Wagonjwa walianza kutibiwa 2015, baada ya hospitali ya chuo kikuu cha Heidelberg kuingia ubia wa kukiendesha.

Karibu zaidi, Lesotho ilifungua hospitali ya Malkia 'Mamohato mjini Maseru mwaka 2011, kwa mkataba wa miaka 18 na kundi lililoongozwa na Netcare ya Afrika Kusini. Mwaka 2021 wauguzi waligoma wakidai walipwe kama wenzao wa serikalini. Wakafukuzwa kwa mamia, na mwaka huohuo serikali ikatangaza kuuvunja mkataba.

Sekta binafsi ina kazi yake: ijenge hosteli za wagonjwa, itengeneze mashine za mionzi zinapoharibika, ilipwe kwa wakati. Bei ya tiba na foleni ya wagonjwa visiwe mikononi mwake. Na ikiwa kuna pendekezo lolote wizarani, Mheshimiwa, lichapishwe lote kwa Kiswahili, viwango vya malipo vikiwemo, na Bunge lilijadili kabla halijafika kwa mawakili.