Kushindwa mara nane si haya

Kisha mechi ya juzi tunasikia wengine wanasema: « Ekipe yetu ivunjwe, inatupatisha haya. » Sisi wa mwaka wa sita tunakataa.

Mufikiri ekipe ya Universite Marshall, kule Huntington, Marekani. Wanacheza mupira wa kwao, ule wa kukamata kwa mikono na kuangushana. Tarehe 14 Novemba 1970, wakitoka kucheza, ndege yao ilianguka. Watu wote 75 waliokuwa ndani walikufa. Kukawa waliosema mupira uachwe. Lakini mwaka 1971 walirudi uwanjani, wengi wao vijana wa mwaka wa kwanza. Walicheza mechi 10, wakashindwa 8, wakashinda 2 tu. Moja waliipata juu ya Xavier, 15 kwa 13, kwa mchezo wa mwisho kabisa.

Nani atawacheka? Kazi yao mwaka ule ilikuwa kusimama tena. Na sisi? Hatukuzika mutu, tumefungwa magoli tu. Basi siku ya posho tuje wote uwanjani, tuwaimbie wachezaji wetu, hata wakishindwa tena.