Usimpe Ufunguo Usiyemjua



Hapa Goma hakuna mwenye nyumba anayeokota zamu wa usiku barabarani hivi hivi. Anauliza kwanza: alilinda wapi? Nani anamjua? Hata mfanya biashara wa koltani hanunui gunia kwa kutazama kamba yake, anafungua, anapima. Lakini vijana wetu wa parokia na wa kwaya, wakikaa mbele ya kompyuta, wanaweka ndani ya tovuti kila wanachokuta. Juu ya nini? "Pasta, iko ya bure."

Leo tuongee juu ya plagini. Tovuti nyingi za makanisa, mashule na mashirika zinajengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Hiyo ni nyumba yenye kuta na paa. Plagini ni programu ndogo unayoiongeza ili nyumba ipate kazi mpya: kuonyesha picha, kupokea ujumbe, kuandikisha watu wa semina. Wengi hawajui kwamba ukiiweka, haipewi ufunguo wa chumba kimoja. Inapewa wa nyumba nzima. Inaweza kusoma na kugeuza karibu kila kitu kilichomo.

Na ndani mmeweka nini? Pengine majina ya wajane wanaosaidiwa, namba za simu za familia zilizokimbia vita, picha za yatima. Kwetu orodha ya majina si karatasi tu. Ikianguka katika mikono mibaya, mtu anaweza kutafutwa mpaka mlangoni pake. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Sikieni kisa kimoja. Kulikuwa na plagini iliyoitwa Display Widgets. Ilikuwa katika tovuti karibu 200,000, na watu waliizoea. Mwaka 2017 mwenyewe aliiuza. Mnunuzi akatia ndani yake mlango wa siri, akautuma kwa watu kama sasisho la kawaida. Kwa mlango ule matangazo yasiyoombwa yakaingia katika tovuti za wengine. Tena kwa ujanja: mwenye tovuti akiwa ameingia kwa neno lake la siri, hakuyaona, wageni tu ndio waliyaona. Iliondolewa katika duka la WordPress zaidi ya mara moja, ikarudi, mpaka mwezi wa 9 ikafungwa kabisa. Jina la zamu lilikuwa lilelile, lakini mtu alikuwa mwingine.

Mara nyingine hakuna mwivi ndani, kuna tundu tu. Mwezi wa 9 mwaka 2020 ilijulikana kwamba WP File Manager, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya 700,000, ilimruhusu mtu wa inje kuingiza faili zake bila neno la siri. Dawa ilitolewa siku ileile. Waliochelewa kusasisha walibaki na mlango wazi.

Basi, kabla ya kubonyeza, fanya hivi:

1. Jiulize kama kazi hiyo inahitajika kweli. Plagini usiyoiweka haiwezi kukuingizia mwivi.

2. Ichukue katika duka la WordPress ao kwa mtengenezaji mwenyewe. Ile ya kulipa ambayo rafiki anakupa bure kwa flashi ao kwa Telegram, uikatae. Ni kwa njia hiyo programu mbaya inayoitwa WP-VCD ilienea katika tovuti nyingi. Na kuiba kazi ya mtu si akiba.

3. Soma ukurasa wake. Ilisasishwa lini? Inatumiwa na wangapi? Ilijaribiwa na WordPress ya sasa? Watu wakiuliza, mwenyewe anajibu? Ikiwa imekaa miaka miwili bila kuguswa, tafuta ingine.

4. Tafuta jina lake katika orodha za matundu yanayojulikana, kama za WPScan, Patchstack ao Wordfence. Kuwa na tundu zamani si kosa la kuikataa. Tazama kama lilizibwa, na kwa upesi gani.

5. Fanya kopi ya tovuti yote, uiweke fasi ingine. Sisi tulioona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji mwaka 2002, tunajua hasara ya kuweka vyote fasi moja.

Ukiisha kuiweka, kazi haijaisha. Sasisha. Ile isiyotumika, usiizime tu. Ifute, kwa maana faili zake zinabaki na zinaweza kuwa mlango. Tena mara kwa mara fungua tovuti yenu kwa simu ya mtu mwingine, bila kuingia kwa neno la siri, uone wanayoona wageni. Na majina yasiyo na lazima ya kuwa humo, yatoeni kabisa.

Vijana, mwezi huu chagueni mmoja wenu. Aandike katika daftari kila plagini iliyo katika tovuti yenu, kazi yake, na siku iliposasishwa mara ya mwisho. Ile ambayo hakuna anayeweza kusema inafanya kazi gani, itoke kwanza.