Usilipie Saa za Mwalimu, Lipia Macho Yake

Kila wiki naona tangazo jipya: "Nitakufunza kupiga picha, mimi na wewe tu, ana kwa ana." Hapo chini kuna bei, kamera kubwa, na ahadi ya cheti. Vijana wa hapa Kianjai wananiuliza, tulipe ama tuachane nayo? Jibu langu litaudhi pande mbili: wale wanaosema YouTube inatosha, na wale wanaouza hayo mafunzo.

Tuanze na watu wa YouTube. Ni kweli, kama shida yako ni kujua ISO ni nini ama lenzi ipi inafaa uso, usimlipe mtu hata shilingi. Hayo yote yako bure, unahitaji tu bando na subira. Lakini ile video haijawahi kuona picha zako. Haijui unakosea wapi. Inafunza watu milioni moja kwa mkupuo, na wewe shida yako ni moja na ni yako.

Chukua harusi ya kawaida hapa Tigania. Watu wako chini ya tenti. Kama tenti ni ya kijani, mwanga unaopenya hapo juu unashuka na rangi yake, na bwana harusi anatoka na uso wa majani ya ndizi. Bibi harusi ana ngozi nyeusi nzuri, gauni jeupe pe, na nyuma yake jua la saa saba linawaka. Sasa kamera ukiiacha ijiamulie, inafanya hesabu moja tu: inataka picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ikikutana na weupe mwingi, inapunguza mwanga. Gauni linatoka poa, uso unazama gizani.

Na hii shida ya uso mweusi haikuanza jana. Kwa miaka mingi Kodak ilikuwa ikituma kwa maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, na rangi za picha zilipimwa kwa ngozi yake. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Kamera za siku hizi zimeboreka sana, lakini masomo mengi ya mtandaoni bado yanafanywa na mtu mweupe aliyekaa kando ya dirisha, kwenye nchi ambayo jua lenyewe ni la kuomba. Tenti ya kijani hawaijui.

Mtu aliyepiga harusi hamsini huku kwetu akiangalia hiyo picha yako atakwambia kwa dakika tano: mtoe bibi harusi nje ya tenti, msimamishe kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Hutasahau tena, kwa sababu amekuonyesha kwa picha yako mwenyewe, ile iliyokuuma.

Hiyo ndiyo maana nasema mafunzo ya mtu mmoja yana thamani. Kazi yetu hairudiwi. Huwezi kuambia familia ifanye mazishi tena kwa sababu picha zimetoka na ukungu. Na soko letu ni dogo, jameni. Ukiharibu kazi moja, kabla jioni habari imefika Nchiru upande huu na Maua upande ule, na mahafali ya chuo yakifika, hakuna anayekupigia simu.

Sasa nyinyi mnaouza mafunzo. Wengi wenu mnaita "ya kibinafsi" kitu ambacho si cha kibinafsi. Ni maandishi yaleyale kwa kila mwanafunzi, kikundi cha WhatsApp, halafu cheti. Hakuna mteja Kianjai aliwahi kuuliza mpiga picha cheti. Anauliza, "Nionyeshe kazi yako."

Kwangu mimi kipimo ni kimoja. Je, mwalimu ameomba kuona picha zako? Si zile kumi kali umeweka Instagram. Zote za kazi moja, pamoja na zile ulitaka kufuta. Kama anaanza kukufunza bila kuona hizo, huyo anakuhubiria tu.

Kipimo cha pili: anakupeleka kazini? Wapiga picha wengi Kenya walijifunza kwa kubeba begi la mwingine, na ni shule nzuri sana. Unaona vile anaongea na mama wa bibi harusi, vile anapanga wazee bila kuwakosea heshima. Lakini tusidanganyane, kuna wanaogeuza hiyo shule kuwa kazi ya bure. Mwaka mzima unabeba taa na hujaguswa na kamera? Huyo hakulei, anakutumia. Kubalianeni mapema: miezi mingapi, nauli ya nani, na lini utapiga picha yako mwenyewe.

Cha tatu, anakufunza biashara na sheria? Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilipiga klabu moja Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Halafu kuna hii wengi hawaijui: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema ukipewa kazi na mteja, hakimiliki inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ile stori ya "nimepiga mimi kwa hivyo ni yangu" inaweza kukufikisha pabaya. Karatasi moja yenye sahihi mbili inamaliza hayo yote.

Najua utasema walimu kama hao wako Nairobi. Ni kweli, mahali kama PAWA254, pale Boniface Mwangi alipofungulia vijana wasanii na wapiga picha mlango, pako zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Lakini angalia karibu kwanza. Yule mzee wa picha za pasipoti pale sokoni amekalisha maelfu ya watu mbele ya kamera. Anajua kutuliza mtu anayeogopa kupigwa picha, kitu ambacho hakuna lenzi inakupa. Hana posti wala cheti. Mpelekee picha zako, mlipe saa yake kama unavyoweza kulipa yule wa mtandaoni, na umwambie aseme ukweli.

Na kama bado unamtaka wa mtandaoni, sawa. Lipa kipindi kimoja kwanza, usilipe vyote. Mtumie picha zako zote za kazi ya mwisho. Akikurudishia sifa peke yake, shika pesa zako. Akikwambia ile ya kumi na saba imeharibika na akueleze kwa nini, huyo sasa lipa.