Mwalimu wa mazoezi ndani ya daladala

Makala yako kuhusu Kigoma imenirudisha mtaa wa Mwanga. Nilitoka Tanga kuja mazoezi ya kufundisha, simjui mtu. Kila Jumamosi nilipanda daladala hadi Ujiji, kisha nikageuza nayo mpaka mjini, barabara inaposhukia stesheni ya reli iliyofika 1914, na ziwa likajitokeza mbele yangu. Mama mmoja mwenye ndoo ya mawese ndiye aliyenizoesha salamu ya “mwakeye”. Nilipofundisha jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, nikataja na kituo cha kushukia, darasa lililokuwa kimya wiki mbili likaanza kunibishia njia ya mkato! Nililifurahia sana. Mwandishi, ongeza na mwalo wa Kibirizi tafadhali: asubuhi mapema, dagaa wakianikwa.