Pamba ni yetu, mkoba ni wa nani?

Mtumishi wa umma anayerudi kutoka semina, awe ameshukia Shinyanga, Kahama au Geita, hutambulikana kwa mkoba wake. Ameuning'iniza begani, mweusi, wa nailoni, umechapwa jina la mradi, nembo ya mfadhili na tarehe za mkutano. Ndani mna kalamu, daftari na makabrasha ambayo pengine yalizungumzia uchumi wa viwanda. Mkoba wenyewe haukushonwa hapa nchini. Zipu yake huachia kabla posho haijakwisha mfukoni, na baada ya miezi miwili hubebewa mahindi ya kupeleka mashineni.

Wako watakaosema kwamba mkoba ni jambo dogo, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Hoja hiyo hatuikubali. Mkoba ni kitambaa, ni ngozi, ni uzi na ni kazi ya mikono. Mahali panapolima pamba na kufuga ng'ombe, kisha pakashindwa kujishonea mkoba, pana kasoro katika uchumi wake, na kasoro hiyo haiponywi kwa hotuba.

Tuanze na pamba. Eneo la Magharibi la kilimo cha pamba, yaani Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita, Mara, Tabora na jirani zao, ndilo linalotoa karibu pamba yote ya Tanzania. Mkulima hulima, hupalilia, hupiga dawa na kuchuma kwa mkono, kitumba baada ya kitumba. Kiwanda cha kuchambua hutenga mbegu na nyuzi. Mbegu hukamuliwa mafuta na mashudu hulishwa mifugo. Lakini nyuzi, sehemu yake kubwa, hufungwa marobota na kupelekwa bandarini. Miezi michache baadaye, katika magulio ya Katoro na Kahama, huwasili marobota ya aina nyingine: nguo na mikoba ya mitumba kutoka ng'ambo. Robota la pamba linaondoka, robota la mitumba linarudi. Tofauti ya bei kati ya marobota hayo mawili ni ujira wa msokotaji, mfumaji, mtia rangi, mkataji na mshonaji, na ujira huo wote umelipwa katika nchi za watu wengine.

Tuje kwenye ngozi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Usukuma ni moja ya maskani yao makubwa. Hata hivyo, ngozi yetu huharibika kabla haijafika sokoni. Ng'ombe hupigwa chapa ya moto mahali palipo bora kwa mkoba, hukwaruzwa na miiba, hutobolewa na kupe, na mwisho mchinjaji mwenye haraka humaliza uharibifu kwa kisu. Ushuru umewekwa juu ya ngozi ghafi inayouzwa nje ili isindikwe hapa nchini, na nia hiyo ni njema. Lakini pale ambapo viwanda vya kusindika havitoshi, mwenye ngozi hukosa mnunuzi wa nje na wa ndani pia. Ngozi ambayo ingekuwa mkoba wa mwalimu huishia kutupwa nyuma ya machinjio.

Dhahabu nayo ina somo lake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi ulifanya kazi tangu 2009 hadi 2021. Fedha imeingia katika ukanda huu. Je, imeshona nini? Mchimbaji mdogo bado hubeba mawe yake katika viroba vya plastiki, na akipata mali hununua begi lililotoka mbali kuliko dhahabu yake ilikokwenda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nasi tumeazima hata mfuko wa kuibebea.

Isidhaniwe kwamba taifa halikupata kujaribu. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walijenga ushirika kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kiwanda cha nguo cha MWATEX kilifunguliwa Mwanza. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO. Baadaye Musoma nayo ikapata kiwanda chake cha nguo, MUTEX. Huko Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiuzwa Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za bati la alumini, lisilopitisha hewa, kana kwamba joto la Morogoro halikupata kusikika kwa wachoraji. Kiwanda hakikulikaribia lengo hilo hata kidogo, na hatimaye kikafungwa.

Wapo wanaoitumia historia hiyo kudai kwamba Mtanzania hawezi viwanda. Hayo ni mafundisho ya kasumba. Somo lake halisi ni kwamba mashine ilitangulizwa mbele ya mtumiaji, na soko la Ulaya mbele ya soko la nyumbani. Wakati viwanda vikubwa vikikosa vipuri na fedha za kigeni, fundi mwenye cherehani barazani hakuacha kushona. Alishona wakati wa uhaba uliofuata vita vya 1978 na 1979. Alishona pia baada ya milango ya biashara kufunguliwa mwaka 1984 na mitumba kumiminika. Hakupewa ruzuku wala mtaji. Kama kuna mwanaviwanda aliyethibitisha ustahimilivu wake katika nchi hii, ni huyo.

Na nafasi yake kubwa ilikuja mwaka 2019, tukaipoteza. Tarehe 9 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo wananchi waliizoea kwa jina la rambo, ingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni. Marufuku ikatekelezwa. Mitaa ikapumua, na hata wasafiri wa ndege waliambiwa waache mifuko hiyo mpakani. Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini nini kiliziba pengo? Iliingia mifuko inayofanana na kitambaa, myepesi, ya rangi rangi, ikaitwa mifuko mbadala. Kwa sehemu kubwa mifuko hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, na polipropilini ni plastiki. Hivyo katika nchi ya pamba, mama aliyechuma pamba hiyo kwa vidole vyake alivuliwa plastiki moja na kuvishwa nyingine. Mpango wa kumpa fundi kitambaa, uzi na oda ungetayarishwa sambamba na tangazo, maelfu ya cherehani za Kanda ya Ziwa zingekuwa na kazi mwaka mzima.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku mitumba. Njia hiyo ilijaribiwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na nchi zetu zikatishiwa kunyimwa upendeleo katika soko la huko. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo wa mavazi. Wengine, Tanzania ikiwamo, tulilegea. Basi na tuelewe: mnyonge akipiga marufuku, mwenye nguvu humwadhibu. Lakini hakuna dola duniani inayoweza kumlazimisha Mkurugenzi wa Halmashauri kununua mkoba wa semina wa nailoni badala ya wa turubai ulioshonwa mtaa wa pili. Uamuzi huo ni wetu, na tunaukosea kila mwaka wa fedha.

Jambo jingine husahauliwa. Mkoba mzuri huzaliwa katika kuifahamu safari. Tuchukue safari ya kawaida ya afisa wa Geita anayeitwa Dodoma kwa kikao cha bajeti. Alfajiri anapanda bodaboda hadi stendi, begi limebanwa kati yake na dereva. Pale begi hutupwa katika buti ya basi, chini ya magunia ya mchele na mizigo ya dagaa. Safari ni ya kutwa. Akifika, shati linanuka samaki, makabrasha yamekunjamana, na chaja iko chini ya viatu. Begi lake la magurudumu lilibuniwa na mtu aliyefikiria sakafu za viwanja vya ndege. Kwenye changarawe gurudumu huvunjika, nalo begi huwa mzigo maradufu.

Fundi wa Kahama anayepanda basi hilo hilo anajua linalotakiwa. Kitako kiwe cha ngozi. Ubavuni kuwe na mfuko mgumu wa makabrasha, viatu viwe na chumba chao, nguo zifunikwe kwa bitana. Juu ya zipu kuwe na kifuniko cha kuzuia vumbi. Mfuko wa fedha uelekee mwilini, na mkanda uwe mrefu wa kukatisha kifuani juu ya bodaboda. Vivyo hivyo mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hubeba madaftari 80 kwenda kusahihisha nyumbani. Anahitaji mkoba wa kitako kipana na mshikio ulioshonwa msalaba, si pochi ya kupigia picha. Huo ndio ubunifu, na urembo utafuata. Tangu mwaka 2008 Dar es Salaam imekuwa na jukwaa la Swahili Fashion Week linaloonyesha kazi za wabunifu. Ni jambo la fahari. Lakini mbunifu wa barazani naye anastahili jukwaa, na jukwaa lake ni oda.

Zamani tulipata kujishughulisha na mavazi kwa namna nyingine. Operesheni Vijana ya mwaka 1968 ilipiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Vita ile ilishughulika zaidi na urefu wa sketi kuliko na nani aliyeifuma. Uzalendo wa leo hauna budi kuanzia kwenye swali hilo la pili.

Tusiwaonee haya mafundi pia. Baadhi yao wameharibu jina la kazi yao wenyewe. Mteja huambiwa njoo kesho hadi sikukuu inapita. Mshono hukimbizwa, uzi hafifu hutumika, na mkoba mmoja haulingani na wa pili katika oda ile ile. Uzalendo hauwezi kuwa kisingizio cha kushona ovyo. Fundi anayetaka fedha ya umma ajifunze vipimo, ajiunge na wenzake, na aheshimu tarehe kama anavyoheshimu malipo.

Lakini atajifunzaje bila kazi? Na yako wapi masharti ya kumwezesha? Yako, ila yamelala. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinawataka wenye migodi watangulize bidhaa za Watanzania. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha kazi ya ngozi. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Buhangija kipo Shinyanga. Eneo la Buzwagi limetengwa kwa shughuli za viwanda. Vipande vyote vipo mezani, bado mtu wa kuviunganisha.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila ofisi itakayoandaa semina katika mikoa hii iagize mkoba wa turubai la pamba na ngozi, kwa vipimo vilivyoandikwa. Zabuni isiwe kubwa kiasi cha kumfaa tajiri mmoja tu, bali igawanywe kwa mafungu kadiri utaratibu unavyoruhusu, na maofisa wawasaidie mafundi kujisajili katika mfumo wa NeST badala ya kuwacheka kwa kutoujua. Mikopo ya vikundi inunue cherehani za kushonea ngozi na turubai, zitumiwe kwa ushirika. Machinjio yalipe zaidi kwa ngozi isiyo na tundu, na maofisa mifugo wafundishe kupiga chapa mahali pasipoharibu. Na migodi isiruhusiwe kuita bidhaa ya mzawa kila mzigo ulioagizwa ng'ambo na kuchapwa nembo hapa. Kuchapa nembo si kushona.

Kwenu, ndugu walimu na ndugu watumishi, jukumu ni jepesi zaidi. Ninyi ndio mnaokaa katika kamati za maandalizi. Ninyi ndio mnaojaza fomu za mahitaji na kuandika "mikoba ya washiriki, 60". Safari ijayo ongezeni maneno machache: ya pamba, ishonwe hapa. Mhasibu akiuliza sababu, mwonyesheni shamba la pamba lililo nyuma ya ofisi.