Mbebwaji Naye ni Mwanafunzi

Ukikaa bwenini muda mrefu unajifunza kutofautisha milango inavyogongwa. Rafiki anagonga kwa kidole. Mlinzi anagonga kwa kiganja. Usiku ule, saa nane hivi, mlango wetu uligongwa kwa kiganja.

Karatasi ya mlangoni ilisema chumba kile ni cha watu wanne, deka mbili. Ndani tulikuwa sita. Mimi nilikuwa wa tano, nimelala mzungu wa nne na mwenzangu kwenye kitanda cha chini, miguu yangu kichwani kwake na yake kichwani kwangu. Tochi iliingia, tukaambiwa tutoe vitambulisho na namba za vitanda. Mimi kitambulisho nilikuwa nacho. Namba ya kitanda sikuwa nayo.

Kwa mwaka wa kwanza mnaosoma ukurasa huu na bado hamjakutana na neno hili: hiyo ndiyo inaitwa kubebana. Anayebeba ni mwenye chumba halali. Mbebwaji ni yule aliyekosa, anayeingia na begi lake jioni na kutoka alfajiri kabla usafi haujaanza. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiyelijua neno hili, na hakuna fomu yoyote ya chuo inayolitaja.

Mimi sikupigwa faini. Niliambiwa nitoke, basi. Aliyeadhibiwa ni aliyenibeba. Alinyang'anywa chumba wiki tatu kabla ya UE, akaenda kulala kwa shangazi yake mbali na chuo, akawa anafika kwenye mtihani amechoka na vumbi mpaka kwenye kope. Somo moja akapata supu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Naandika makala haya kwa sababu ya deni hilo, na nasema mapema ili asije mtu akadhani natoa hoja nikiwa pembeni.

Tuwe wakweli, sheria ya kukataza kubebana ina sababu zake. Bweni lililojengwa kwa watu mia mbili lina vyoo vya watu mia mbili. Wakilala mia tatu, foleni ya kuoga inaanza saa kumi alfajiri, tenki la maji linakauka kabla ya jua kuchomoza, na hapa Dodoma maji si kitu cha kuchezea. Soketi moja inabeba pasi, hita na chaja saba. Anayeishi hapo kihalali ana haki ya kulalamika, maana alilipia nafasi yake. Nimeshawahi kuwa yeye. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kitanda changu, na kuna usiku nilirudi kutoka vimbwetani nikamkuta mtu nisiyemjua amekilalia. Nilikasirika kweli.

Lakini sheria hii inavyotekelezwa haipunguzi hata mtu mmoja kwenye msongamano. Inamhamisha tu. Mimi nilitoka bloku ile usiku ule, na usiku uliofuata nilikuwa bloku ya jirani. Chuo kilijua kuwa nimeondoka. Hakikujua nimekwenda wapi. Na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko vyoo: moto ukitokea kwenye chumba kile, mlinzi atahesabu watu wanne kwa orodha yake, atasema wote wametoka. Wawili hawapo kwenye orodha. Nani atawatafuta?

Baadhi yetu wanasema dawa ni kujenga. Sawa, kujenga kunasaidia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017 yalizinduliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, na kila aliyepata kitanda pale aliondokewa na mzigo. Hapa kwetu Dodoma, UDOM ilipoanzishwa mwaka 2007 ilijengwa na mabweni yake, ndiyo maana ukiitazama kutoka mbali unaona mji mzima juu ya mlima. Ila jengo linachukua miaka na muhula ni wiki chache. Anayekosa kitanda mwezi wa kumi na moja hawezi kulala kwenye mpango mkakati.

Wengine wanasema: nenda mtaani kapange. Nami nikaenda. Ninaishi Kizota, upande wa barabara ya Singida, sehemu ambayo malori hayalali na vihenge vya NFRA vinaonekana kabla hujaona nyumba unayoitafuta. Napapenda. Lakini ngoja nikupigie hesabu yangu.

Chumba changu ni shilingi 50,000 kwa mwezi, choo cha nje, bomba la uani, LUKU moja vyumba vitano. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa Kigogo anayenisalimia "mbukwa" kila asubuhi mpaka na mimi nimezoea kuitikia, anataka kodi ya miezi sita. Hiyo ni 300,000 mkononi. Bumu kwa anayepata kiwango kamili ni 10,000 kwa siku, na linaingia kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000. Nusu ya fungu la kwanza inaondoka kabla sijanunua hata kilo ya mchele. Inayobaki ni 5,000 kwa siku: chakula, nauli, kutoa kopi, umeme, vocha ya intaneti, na vitu ambavyo sisi wasichana tunanunua kila mwezi tutake tusitake. Hapo nazungumzia mwenye mkopo. Asiye nao anaishi kwa kumpigia simu mama.

Bibi naye ana hoja. Nilimuuliza kwa nini miezi sita, akaniambia, "Mjukuu wangu, chuo kikifungwa mnaondoka na godoro, mimi nabaki na chumba kitupu." Hajakosea. Na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, wapangaji wenye mshahara wamekuwa wengi mjini. Mwanafunzi anashindana na mtumishi kwa chumba kilekile, mmoja analipwa kila mwezi na mwingine kila miezi miwili ikiwa mambo yamekwenda vizuri.

Halafu kuna usiku. Maktaba inafungwa usiku, daladala zimepungua, bodaboda anataja bei kwa kuangalia saa yake na uso wako. Siku nyingi nimeacha kusoma mapema, si kwa sababu nimemaliza, kwa sababu ya njia. Mwenzangu wa bwenini anatoka maktaba anatembea dakika tano. Tunafanya mtihani mmoja.

Sisi wa elimu tumefundishwa kuhusu mtaala uliofichika, yale ambayo shule inamfundisha mtoto bila kuyaandika kwenye silabasi. Mmarekani Philip Jackson aliyaandikia mwaka 1968 akiangalia madarasa. Mimi naona angekuja kuangalia mabweni angepata kitabu kingine kizima. Bwenini tunajifunza kugawana ndoo ya maji, kumpikia mwenye malaria, kunyamaza mwenzako akilia usiku na kumuuliza asubuhi. Hayo mazuri. Lakini tunajifunza na hili pia: ukimsaidia mtu, msaidie kwa siri, na ukikamatwa, adhabu ni yako wewe uliyesaidia. Tunalipeleka wapi somo hilo? Wengi wetu tutakuwa walimu, na wengine tutapewa umatroni na upatroni wa mabweni ya sekondari. Nikiwa fildi niliona bweni la wasichana ambako watoto wawili wanalala kitanda kimoja na hakuna anayeuliza. Niliona aibu, kwa sababu hata mimi sikushtuka.

Wakubwa zetu wanakumbuka Mei 2016, wakati wanafunzi zaidi ya 7,800 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi pale UDOM walipoambiwa waondoke chuoni, kwa ghafla. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Ninachokumbuka kwenye habari ni vijana na mabegi, wasijue usiku ule utawakutia wapi. Siyaingii mabishano ya nani alikosea. Nasema tu kwamba kitanda cha mwanafunzi kinapoondoka, kinaondoka siku moja, na anayebaki kumsaidia ni mwanafunzi mwenzake.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu, na yote yanawezekana bila kusubiri jengo jipya.

La kwanza, kubebana kuandikwe. Kila chumba kiruhusiwe mgeni mmoja wa muhula, jina lake liwe kwenye daftari la mlinzi, alipe sehemu ya ada ya malazi, na wenye chumba wote wanne wawe wamekubali kwa saini. Asiyekubali asilazimishwe. Hapo mwenye kitanda analindwa, mlinzi anajua wako wangapi ndani, na chuo kinapata hesabu ya kweli ya upungufu wa vitanda. Leo upungufu hauonekani kwa sababu tunauficha sisi wenyewe chini ya blanketi.

La pili, orodha ya mgao wa vyumba ibandikwe pamoja na sababu. Mwaka wa kwanza wapewe kipaumbele, wenye ulemavu pia, hakuna anayebisha. Lakini nafasi zilizobaki zinagawiwaje? Aliyekosa anatakiwa aambiwe amekosa kwa lipi, kisha apewe siku za kukata rufaa. Tetesi za "fulani anamjua fulani" zinaisha siku karatasi inapobandikwa.

La tatu, Waziri wa Malazi akae na wenye nyumba wa Kizota na mitaa mingine tunayopanga. Wapewe uhakika wanaoutaka, kwamba chumba hakitaachwa kitupu bila taarifa, na sisi tupewe kulipa kila miezi miwili, bumu linapoingia. Bibi yangu nimeshamgusia. Alisema, "Waje tuongee." Hakuna aliyekuja bado.

Najua kuna watakaosema nahalalisha uvunjaji wa sheria. Sheria nimeivunja, nimekiri juu hapo. Ninachoomba ni sheria ambayo mtu anaweza kuifuata huku akiwa na pa kulala.

Aliyenibeba sasa tunakaa naye Kizota, chumba kimoja, kodi nusu kwa nusu. Supu aliifuta. Kitanda tumenunua kimoja, futi tano kwa sita, na hakuna anayelala mzungu wa nne. Bado mlango ukigongwa usiku kwa nguvu, wote wawili tunaamka na kutafuta vitambulisho.